Tulivyokitafuta Kinanda Kinachoijua Bayati

Yapo maneno ya Kiswahili yaliyobeba shehena kubwa kuliko jahazi, na mojawapo ni hili neno kinanda. Wazee wa Lamu walipolitaja walikusudia chombo cha nyuzi kilichochongwa katika gogo moja la mti na kuwambwa ngozi, ambacho wengine walikiita gambusi na wengine kibangala. Zilipokuja sahani za santuri, mashine ya kuzipigia nayo ikaitwa kinanda. Kodiani ya kuvuta na kusukuma ikawa kinanda cha mkono, na ogani ya kanisani ikawa kinanda vilevile. Leo ukimtuma kijana wa Majengo akuletee kinanda, atarudi na kitu cha plastiki chenye vitufe vyeupe na vyeusi, na waya wa kuchomeka ukutani.

Makala haya yanahusu aina moja tu ya kinanda hiki cha mwisho, nayo ni ile inayotoa mlio kwa njia iitwayo FM. Herufi hizo mbili msomaji anazijua kwa redio, na hakukosea, kwani elimu yake ni moja: kubadilibadili masafa ya wimbi kwa kutumia wimbi jingine. Katika redio mawimbi hayo husafiri hewani yakiwa yamembeba mtangazaji. Katika kinanda huzaliwa humo humo ndani, na yenyewe ndiyo yanayogeuka kuwa sauti.

Sababu ya kushika kalamu ni hii. Kipo kikundi kimoja cha taarabu hapa Mombasa ambacho mimi hukiandikia mashairi. Kinanda chao, kilichowatumikia harusini kwa miaka mingi, kilizimika usiku mmoja wala hakikuwaka tena. Mpiga kinanda alitaka apatiwe kingine cha namna ile ile, chenye ule mlio wa kama kengele na chuma ambao watu wa mji huu wameuzoea. Lakini mpiga udi wao, mzee aliyenipita kwa umri na kwa mengi mengine, alikuwa na neno.

"Maadamu mwanunua," alisema, "nunueni kiijuacho Bayati. Hicho kilichokufa kilikuwa bubu wa Bayati, nami nimechoka kukaa na bubu."

Kazi ya kutafuta nikatwikwa mimi, kwa kuwa watu hudhani mwandishi wa gazeti anajua kila kinachouzwa na kila anayekiuza.

ROBO YA SAUTI

Tuanze na lalamiko la mzee, kwani bila ya kulifahamu hilo safari yetu yote itaonekana ya anasa.

Piano ya Ulaya huchukua nafasi iliyopo baina ya do na do ya juu yake ikaigawanya hatua 12 zilizo sawa. Vinanda vyote vya vitufe tunavyoviona madukani vimefuata kipimo hicho. Lahani zetu za taarabu, ambazo asili yake kubwa tumeipata kwa Waarabu na Wamisri, hupita katika njia ziitwazo maqamu. Baadhi ya maqamu, kama Nahawandi, Ajami na Hijazi, huweza kupigwa katika zile hatua 12 na sikio lisinung'unike sana. Ama Rasti na Bayati, hizo zina sauti zinazokaa katikati ya kitufe na kitufe. Chukua Bayati inayoanzia re. Sauti yake ya pili si mi, wala si ile ya kitufe cheusi kilicho chini ya mi. Iko baina yao, na ukiibonyeza upande wowote umeikosa.

Mpiga udi hili halimpi taabu, kwa kuwa shingo ya udi ni laini na kidole huteleza kikasimama kinapotaka. Mpiga fidla hali kadhalika. Mwimbaji ndiye huru kuliko wote, maana koo halikuwekwa vitufe. Kinanda peke yake ndicho kilichojengewa kuta.

Si jambo la jana wala juzi. Kodiani ilipoingia katika muziki wa Misri ilikuwa na ila hiyo hiyo, na mafundi wa huko wakaifungua, wakazirekebisha ndimi zake za chuma mpaka ikatoa robo ya sauti. Waliona ni bora chombo kiifuate lahani kuliko lahani kukifuata chombo.

Katika kikundi nikijuacho mimi, mambo yalikwenda kinyume. Wenye harusi wanapenda kinanda kwa kuwa kina kishindo na kinajaza ukumbi. Kinanda hakiiwezi Bayati. Basi nyimbo za Bayati zikawa zinaachwa, moja mwaka huu, moja mwaka ujao, na za Rasti zikafuata. Hakuna aliyetoa amri ziachwe. Zilizobaki zikiimbwa, mwimbaji alilazimika kuipandisha sauti yake akutane na kitufe, na mzee akawa anainyamazisha udi kila inapofika ile sauti ya pili ili wasigombane hadharani. Vijana waliojiunga na kikundi miaka ya karibuni hawakuwahi kuzisikia nyimbo hizo kwa sauti zake sahihi. Hilo ndilo lililomkera mzee, na aliponieleza lilinikera mimi pia, kwani maneno ya baadhi ya nyimbo hizo niliyaandika kwa mkono wangu.

MAWIMBI MAWILI

Sasa tukitazame kinanda chenyewe. Sauti yoyote ni mtetemo. Ile la ambayo wapigaji wengi huitumia kusawazishia vyombo vyao hutetema mara 440 kwa sekunde moja. Wimbi lililo jepesi kuliko yote hupanda na kushuka taratibu kama maji ya mkondo siku ya shwari, na mlio wake ni mtupu, kama mtu anayepiga mluzi.

Chukua wimbi la pili ulitumie kulitikisa lile la kwanza. Ukilitikisa polepole, mara tano au sita kwa sekunde, utasikia sauti inayoyumba kidogo, kama mwimbaji anapoivuta sauti mwishoni mwa kibwagizo. Sisi tuliopita chuoni tunaijua sana hiyo. Maalimu alipotufundisha kuvuta madda, mtoto mwenye koo lisilotulia sauti yake ilitikisika hivyo hivyo, akaambiwa arudie mpaka inyooke.

Je, ukizidisha kasi? Ukiacha kutikisa mara tano kwa sekunde ukatikisa mara mia nne au mia sita? Hapo sikio hushindwa kuufuata mtikisiko. Huacha kusikia sauti inayoyumba, likaanza kusikia mlio mwingine kabisa, wenye sauti nyingi ndani yake ambazo hazikuwamo katika lile wimbi la kwanza wala la pili.

Hesabu yake ni ya kujumlisha na kutoa. Wimbi la kwanza likiwa 440 na la pili nalo 440, sikio litapokea 440, 880, 1320, 1760 na kuendelea, ngazi zilizo sawa kama mizani ya shairi lisilo guni. Mpangilio huo unakaribia mlio wa uzi au wa tarumbeta. Lakini wimbi la pili ukilifanya 616, utapokea 440, kisha 1056 na 1672 kwa kujumlisha, na 176 na 792 kwa kutoa. Ngazi hizo hazilingani, na mlio unaotoka ni wa kengele, au wa sinia la shaba lililogongwa kwa kijiko. Kadiri unavyolitia nguvu wimbi la pili ndivyo sauti za pembeni zinavyoongezeka na mlio kuwa mkali. Ukiifanya nguvu hiyo ianze kubwa kisha ipungue upesi, utasikia kitu kilichodonolewa au kugongwa. Ukiifanya ipande pamoja na pumzi, utasikia kitu kilichopulizwa.

Kwa hiyo kwa mawimbi mawili tu, yasiyo na mapambo, mtu anaweza kuanza kuunda zumari, kengele au kanuni.

KUTOKA STANFORD HADI HAMAMATSU

Aliyeligundua jambo hili kwa ajili ya muziki ni Mmarekani aitwaye John Chowning, aliyezaliwa mwaka 1934. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mtunzi wa muziki, aliyepata kusoma Paris kwa yule mwalimu mashuhuri Nadia Boulanger. Mwaka 1967, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford katika jimbo la California, alikuwa akitumia kompyuta kubwa ya chuo kujaribu sauti zinazotikisika. Akazidisha kasi ya mtikisiko kupita kiasi cha kawaida, na masikio yake yakamwambia kwamba jambo jipya limetokea. Alieleza matokeo yake katika jarida la wahandisi wa sauti mwaka 1973.

Stanford ikawabishia hodi watengenezaji wa ogani wa Marekani, nao hawakuona faida. Aliyefungua mlango ni kampuni ya Yamaha ya Japani. Hataza ya ugunduzi huo, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi, ilitolewa Marekani mwaka 1977, na hadi ilipomalizika muda wake miaka ya 1990 ilikuwa imekiingizia chuo zaidi ya dola milioni 20.

Yamaha yenyewe ina kisa kinachostahili kusimuliwa kwa mafundi wetu. Mwaka 1887, katika mji wa Hamamatsu, shule moja ya msingi ilikuwa na kinanda cha upepo kilichoharibika. Akaitwa fundi aitwaye Torakusu Yamaha, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vifaa vya hospitali. Akakifungua, akakitengeneza, akachora kila kilichokuwamo ndani, kisha akaamua kuunda cha kwake. Kilipokamilika, yeye na mwenziwe walikitundika katika mti, wakakibeba mabegani na kuvuka nacho milima hadi Tokyo, safari ya zaidi ya kilomita 200, ili wataalamu wakipime. Wataalamu wakamwambia kwamba kimeundwa vizuri lakini sauti zake hazikulingana. Hakurudi kwa hasira. Alibaki Tokyo akajifunza elimu ya kusawazisha sauti, ndipo akarejea Hamamatsu kuunda kingine. Nembo ya kampuni hiyo hadi leo ni uma tatu za kusawazishia sauti zilizopishana.

Katika mikono ya Wajapani hao, hesabu za Chowning zilisagwa zikaingia katika chipu ndogo, na mwaka 1983 ikatoka DX7. Kinanda hiki kina vitufe 61, hutoa sauti 16 kwa wakati mmoja wakati vingi vya siku zile vilitoa tano hadi nane, na kila mlio wake huundwa kwa mawimbi sita yanayoweza kupangwa kwa namna 32. Kiliuzwa Marekani kwa dola 1,995, bei iliyokuwa ndogo kwa chombo cha aina ile. Nyimbo za mapenzi za Kimarekani za katikati ya miaka ya 1980 zimejaa ule mlio wake wa piano ya kioo.

Afrika ya Mashariki haikuachwa. Mwaka 1985 Mhabeshi Hailu Mergia, mpiga kinanda aliyekuwa amehamia Washington, alirekodi kaseti ambamo alipiga kodiani ya utotoni mwake pamoja na vinanda vya umeme, DX7 ikiwa mojawapo, katika lahani za kwao. Baadaye akawa dereva wa teksi. Mwaka 2013 kaseti ile ilitolewa upya, naye akarudi jukwaani katika miji ya Ulaya na Marekani. Ukiisikiliza utaona kwamba mashine ya Hamamatsu inaweza kuzungumza Kihabeshi bila ya kubabaika. Nami nikajiuliza kwa nini isizungumze Kimvita.

SAFARI YA SOKONI

Nilianza hapa hapa Mombasa, nikamaliza Luthuli Avenue, Nairobi, barabara ambayo kila kitu chenye waya hatimaye hupitia. Nitayataja niliyojifunza, huenda yakamfaa mwingine.

Kwanza, tazama umeme wake. Vinanda vingi vikuukuu huletwa kutoka Japani, na vile vilivyouzwa humo nchini vimefanyiwa umeme wa volti 100. Umeme wetu ni volti 240. Ukikichomeka bila ya transfoma ya kupunguza, hutahitaji muziki wa kukiombolezea, kwani moshi utatosha. Katika duka moja, ambalo sitalitaja jina, muuzaji alikuwa tayari kunichomekea ili nisikie, na maandishi ya volti 100 yapo nyuma ya kinanda kwa herufi za kusomeka.

Pili, uliza habari za betri. Ndani ya DX7 mna betri ya volti 3, bapa kama sarafu, inayohifadhi milio 32 wakati kinanda kimezimwa. Betri hiyo imelehemiwa, haibanduliwi kwa kidole. Hukaa miaka mingi, lakini ikifa, milio yote hupotea, na mwenye kinanda hudhani kimekufa chenyewe. Wengi huviuza kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo. Fundi mwenye mkono mtulivu huibadilisha kwa nusu saa. Muhimu ni kuihamisha milio kwanza, ama kwenye katriji yake ama kwa waya hadi kwenye kompyuta. Milio yote 32 haizidi baiti 4,104, chini ya picha moja ya simu.

Tatu, jaribu kila kitufe na kila kibonyezo. Vibonyezo vya DX7 havina mwinuko, ni ngozi ya plastiki iliyotandazwa, na hilo lilifanya watu wengi wakiogope. Kuunda mlio mmoja kunataka kuingiza tarakimu kama 145, moja baada ya moja, kupitia kidirisha chenye mistari miwili ya maandishi. Inasimuliwa kwamba vinanda vilivyorudishwa kwa mafundi wa Yamaha vingi vilikuwa na milio ile ile ya kiwandani, haikuguswa.

Nairobi niliipata DX7 nzima, yenye uzito wa kilo 14 hivi, kwa nusu ya bei ya pikipiki. Mpiga kinanda, niliyekuwa naye, aliibonyeza mara moja akatabasamu. Mlio ulikuwa ndio. Lakini nilikuwa nimekwisha kusoma, nikajua kwamba DX7 ya mwaka 1983 hairuhusu kuteremsha sauti ya kitufe kimoja peke yake. Uwezo huo ulikuja na DX7II ya mwaka 1987, na hiyo hatukuiona popote. Nikamwambia mwenzangu, tukiichukua hii tutakuwa tumenunua bubu mwingine, tena wa bei. Alinyamaza kutoka Nairobi hadi Voi.

KISANDUKU CHA KIJANA

Yupo kijana wa Mwembe Tayari anayetengeneza simu, ambaye babake tulicheza naye mpira. Nilimpelekea kinanda kilichokufa, nikamweleza habari yote.

"Shikamoo ami," alisema. "Hiki hakiponi, kimeungua ubao. Lakini DX7 naweza kukuundia."

Nilidhani ananitania. Wiki ya pili akaniita. Mezani palikuwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ubao usiozidi kadi ya benki kwa ukubwa. Juu yake alikuwa amelehemu kibao cha kutolea sauti safi, kidirisha cha maandishi na kitufe cha kuzungusha. Ndani ya kadi ya kumbukumbu alikuwa ametia programu iitwayo MiniDexed, iliyotolewa bure na watu wapendao kazi hii, ambayo hufanya hesabu zile zile za DX7 na huanza kufanya kazi ubao unapowashwa, bila ya mfumo mwingine. Ubao wa namna ile unaweza kuigiza DX7 nane kwa pamoja. Akachomeka vitufe vya mazoezi vya binti wa jirani, akapiga. Ilikuwa ni ile ile sauti tuliyoiacha Luthuli Avenue.

Aliniambia kwamba wapo wanaotaka chipu yenyewe ya Yamaha wala si mfano wake. Hao huichomoa katika kadi za sauti za kompyuta za miaka ya 1990, au katika michezo ya Sega ya Mega Drive, kwani chipu za FM zilitiwa humo kwa wingi. Akaongeza kwamba mnunuzi awe macho, maana zipo chipu zilizofutwa maandishi na kupigwa chapa upya. Na asiye na fedha kabisa atafute vile vinanda vidogo vya Yamaha vya aina ya PSS vya mwishoni mwa miaka ya 1980, ambavyo watu waliwanunulia watoto. Ndani ya vingi vyao mna FM ya mawimbi mawili, na vingine, kama PSS-480, vina hata mahali pa kuubadili mlio.

Nilimpongeza kwa dhati. Lakini kisanduku chake, kama kilivyokuwa siku ile, kilipiga zile hatua 12 za piano, maana alikuwa ameiigiza DX7 kwa uaminifu pamoja na kasoro yake. Nikamwambia habari ya Bayati. Hakuwa amewahi kuisikia robo ya sauti ikitajwa. Nikamchukua hadi kwa mzee, akakaa mkekani akaisikiliza udi kwa saa nzima, na mzee akamwonyesha kidole kinaposimama.

Usiku ule kijana akasoma vitabu vya vyombo vyote vya zamani vya Yamaha, na asubuhi akanipigia simu. "Ami, kipo kingine. Hakina vitufe."

BAYATI YAPATA NYUMBA

Chombo chenyewe ni TX81Z, cha mwaka 1987. Ni sanduku bapa la chuma la kuingiza katika kabati la studio. Hutumia mawimbi manne kwa kila mlio badala ya sita, na hutoa sauti nane kwa pamoja. Ni nusu ya DX7 kwa namna hiyo. Lakini kinaruhusu kila sauti ya ngazi kupandishwa au kuteremshwa peke yake, kwa hatua ndogo ndogo. Kwa kuwa hakina vitufe, watu wengi hawajui kitumike vipi, na tulikipata kwa mtu aliyefunga studio yake Nairobi, aliyekuwa amekiwekea vitabu juu.

Vitufe tulivitoa katika kinanda kikuukuu cha mazoezi kilicholala uvunguni kwa mpiga kinanda, chenye spika zilizopasuka lakini kikiwa na tundu la MIDI. Huo ni waya wa pini tano, desturi waliyokubaliana watengenezaji tangu mwaka 1983, ambao hausafirishi sauti bali husafirisha habari: kitufe gani kimebonyezwa, na kwa nguvu gani. Seremala wa mtaani akatuundia sanduku moja la mbao la kuvibeba vyote viwili, pamoja na transfoma.

Tukaenda nacho kwa mzee. Kijana aliweka ile mi katikati kabisa ya hatua, kama vitabu vinavyosema. Mpiga kinanda akapiga Bayati. Mzee akainamisha kichwa.

"Iko juu kidogo," akasema. "Teremsha." Kijana akateremsha. "Tena. Hapana, umepita, rudi. Hapo. Usiiguse."

Ikaja zamu ya Rasti. Nilidhani sauti ile ile ingefaa, kwa kuwa vitabuni ni robo ile ile. Mzee akakataa, akasema ya Rasti hukaa juu kuliko ya Bayati, na kila mwenye udi anajua. Akaitengenezwa yake. Kijana akaziandika tarakimu zote katika daftari la shule, Bayati ukurasa wake na Rasti ukurasa wake. Kwa muda wa alasiri moja, kitu kilichokuwa katika kidole cha mzee peke yake kikawa pia katika karatasi. Sikumbuki kuona mali ikirithishwa kwa utulivu namna ile.

Kilichobaki ni mlio. Mpiga kinanda alitaka kengele yake, akapewa. Mzee akaomba kitu kinachokaribia kanuni, kwa kuwa mpiga kanuni wa mwisho aliyemjua amefariki zamani. Kijana akayapanga mawimbi, lile la kutikisa akalitia nguvu mwanzoni na kuliua upesi. Hakikuwa kanuni, na mzee alisema hivyo. Kisha akasema kisifutwe.

WASIA

Wapo watakaouliza kwa nini kuhangaika, ilhali leo madukani vipo vinanda vipya vya aina ya PSR-A za Yamaha, vilivyofanywa makusudi kwa muziki wa Kiarabu, vyenye vibonyezo vya kuteremsha sauti. Ni kweli, na kikundi chenye uwezo kinunue. Lakini vikundi vyetu vingi hulipwa harusi hadi harusi, na mnyonge hupata haki yake kwa werevu. Tena hata chombo kipya hakitakuambia Bayati ya Mombasa ikae wapi. Kitakupa kibonyezo, na masikio utaleta mwenyewe.

Kwa hivyo nawaomba wenye vikundi mambo matatu. Kinanda kilichozimika kisitupwe kabla ya fundi kukitazama betri na umeme wake. Milio na vipimo mlivyonavyo viandikwe karatasini, kwa kuwa kumbukumbu ya mashine ina umri wa betri. Na wazee wenye udi na fidla wakalishwe na vijana wenye chuma cha kulehemia wakati wangali hai, kwani tuliyoyafanya sisi yalihitaji wote wawili katika chumba kimoja.

Harusi ya kwanza baada ya kazi hiyo ilifanyika Kibokoni. Katika karatasi ya nyimbo za usiku ule ziliandikwa mbili ambazo hazikuwa zimepigwa kwa miaka mingi, moja ya Rasti na moja ya Bayati. Bayati ilipofika kwenye ile sauti ya pili, mzee hakuinyamazisha udi.